Muhula Mmoja wa Darasa la Tatu



Kila Januari mzazi wa Tanzania huwa mtaalamu wa bei. Anajua sare zimepanda, anajua viatu vyeusi vinapatikana wapi kwa nafuu, anajua dazeni ya madaftari ni shilingi ngapi jumla na rejareja. Muulize mwanawe atafundishwa nini kuanzia sasa hadi Juni, naye atajibu, "Si Kiswahili, Hisabati, na hayo mengine." Nimeombwa jioni hii nizungumzie hayo mengine, pamoja na hayo mawili yaliyotajwa.

Nikisema nipitie madarasa yote tutakesha hapa. Nitachukua darasa moja tu, la tatu, muhula wa kwanza, katika shule ya msingi ya kawaida inayofundisha kwa Kiswahili. Nimelichagua kwa makusudi. Darasa la kwanza na la pili wazazi wengi wanalielewa: ni KKK, mtoto asome, aandike, ahesabu. Darasa la nne nalo lina Upimaji wa Kitaifa, kwa hiyo hakuna asiyeliogopa. La tatu liko katikati, halina jina wala mtihani wa kutisha, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua mambo mengi kuliko hayo yote.

Sababu ni hii. Mpaka darasa la pili kusoma kulikuwa na vipindi vyake. Mtoto akikwama kwenye silabi, mwalimu alikuwa na muda uliotengwa kwa kazi hiyo hasa. Darasa la tatu vipindi hivyo havipo tena. Kusoma kumetawanyika ndani ya masomo mengine yote, na kila somo linadai usomaji wake. Kwa hiyo mtoto aliyevuka akiwa bado anababaisha herufi haanguki Kiswahili peke yake. Anaanguka Sayansi, anaanguka Jiografia, anaanguka hata Hisabati, na ripoti ikifika nyumbani mzazi anaona masomo sita mabaya, anatafuta tuisheni ya masomo sita. Ugonjwa ulikuwa mmoja.

Sasa masomo yenyewe. Wengi wenu mnakumbuka masomo ya kabla ya mabadiliko ya karibuni: Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, Stadi za Kazi. Msiyatafute kwenye ratiba. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, ulioanza kutumika Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, umepanga upya. Mtoto wa darasa la tatu ana Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo, na Dini. Elimu ya msingi yenyewe imekuwa ya miaka sita badala ya saba, ndiyo maana waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao kaka na dada zao wa utaratibu wa zamani watakuwa wanamaliza la saba. Shule za sekondari zitakazowapokea zina kazi, lakini huo ni mhadhara mwingine.

Kabla muhula haujaanza, mwalimu wa kila somo huandaa azimio la kazi. Analitoa kwenye muhtasari wa somo unaoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na lina sura ya jedwali: umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za kujifunza, mwezi, wiki, idadi ya vipindi, zana, njia za upimaji, na mwishoni kabisa safu nyembamba ya maoni. Kutoka humo ndipo huzaliwa andalio la somo la kila kipindi. Mwalimu mkuu hulikagua, mthibiti ubora akija hulidai. Mzazi ndiye pekee asiyeliomba, wakati si siri ya serikali. Mkienda shuleni, ombeni mlione. Na mkishalipata, anzeni kusoma ile safu ya maoni, maana humo ndimo mwalimu huandika kwa mkono wake kwamba mada hii imekamilika, na ile itarudiwa kwa sababu watoto hawakuelewa. Safu yote ikiwa imejazwa "limefundishwa, wameelewa" kuanzia Januari hadi Juni, ulizeni kwa upole.

Tufanye hesabu kidogo. Mwaka wa shule una siku za masomo 194, kwa hiyo muhula mmoja ni siku 97, yaani wiki 19 na kidogo. Ondoa wiki mbili za majaribio na mitihani, zimebaki 17. Chukulia somo lina vipindi vitano kwa wiki. Hivyo ni vipindi 85 kwa muhula mzima. Kipindi cha darasa la tatu ni dakika 40. Jumla yake dakika 3,400, hazifiki hata saa 57. Darasa likiwa na watoto 45, kama kiwango cha serikali kinavyotaka, na mwalimu akijigawa sawasawa, kila mtoto anapata dakika 76 za mwalimu kwa muhula wote katika somo hilo. Darasa likiwa na watoto 90, na wazazi wa hapa hamhitaji kuambiwa kwamba yapo, ni dakika 38. Pungufu ya kipindi kimoja, Januari mpaka Juni.

Sisemi haya ili kulia. Nasema ili tuelewe kwa nini mtaala unasisitiza watoto wafanye kazi kwa vikundi, wasomeane, waulizane. Wapo wazazi wanaolalamika kwamba siku hizi mwalimu hafundishi, anawaacha watoto wanapiga kelele kwenye makundi. Kelele za watoto sita wanaobishana kama buibui ni mdudu au si mdudu ni za thamani kubwa kuliko ukimya wa watoto tisini wanaonakili ubaoni. Kwa taarifa yenu, buibui si mdudu. Ana miguu minane.

Nianze na Hisabati, kwa kuwa ndiyo inayoogopwa. Muhula huu mtoto anaingia kwenye maelfu. Atasoma na kuandika namba kwa tarakimu na kwa maneno, atajua thamani ya nafasi, atajumlisha na kutoa kwa kuchukua na kukopa, atazidisha, atagawanya, ataonja sehemu, atapima urefu kwa sentimita na mita, atashika fedha za Tanzania na kudai chenji. Haya mzazi anayatambua, tena mengi yanafanyika dukani kwa Mangi kila jioni. Mtoto anayetumwa sukari na kurudisha chenji sahihi tayari ana Hisabati nyingi kuliko alama zake zinavyosema.

Anakokwama ni kwenye mafumbo, yaani hesabu za maneno. Sikilizeni hili: Asha ana machungwa 24, amempa Juma machungwa 9, amebaki na mangapi? Darasa zima linajibu 15. Sasa hili: Asha ana machungwa 24, ana machungwa 9 zaidi ya Juma, Juma ana mangapi? Hapo nusu ya darasa litakuandikia 33. Wameona neno "zaidi", mkono ukakimbilia kujumlisha. Jibu ni lilelile, 15, kwa namba zilezile na kitendo kilekile cha kutoa. Kilichobadilika ni sentensi. Mtoto huyu hahitaji kurudishwa kwenye vizibo vya soda na vijiti vya kuhesabia, kutoa anajua. Anahitaji mtu akae naye, amwambie: chora Asha, chora Juma, nani ana mengi? Mwalimu mwenye dakika 38 atamfikia lini? Ndipo ninapowataka wazazi, hata yule anayesema Hisabati ilimshinda tangu zamani, kwa sababu kazi hii ni ya kusoma sentensi polepole na kuulizana imesema nini.

Kisha kuna saa. Darasa la tatu husoma saa ya mishale, na hapo watoto wetu wana mzigo ambao watoto wengi duniani hawaujui. Katika Hisabati mwalimu anachora mshale mfupi kwenye 7 na mrefu kwenye 12, watoto wanaitikia saa moja. Anatoka, anaingia mwalimu wa Kiingereza, anachora saa hiyohiyo, na sasa ni "seven o'clock". Mtoto wa miaka minane au tisa amekaa pale, ameambiwa mchoro mmoja ni moja na ni saba ndani ya asubuhi moja. Sisi hatuoni ajabu kwa sababu tumezoea kuruka masaa sita bila kufikiri. Siku yetu inaanza jua linapochomoza, na huku karibu na ikweta jua halina utani, linachomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo kuhesabia saa kutoka hapo ni busara tupu. Ile nyingine inaanza usiku wa manane. Yote mawili yanaelezeka kwa mtoto kwa dakika kumi, endapo mwalimu wa Hisabati na wa Kiingereza wamekaa ofisini wakapangana nani aanze. Katika azimio la kazi mada hizo zinaweza kuwa zimeachana kwa wiki sita. Hakuna anayekataza kuzisogeza.

Kiingereza chenyewe nisikipitishe haraka, ingawa kinatamanisha kupitishwa haraka. Mtaala mpya unakiingiza tangu darasa la kwanza, wakati uliotangulia ulikianzisha darasa la tatu. Muhula huu watoto wanasalimiana, wanataja vitu vya darasani, wanaeleza familia na kazi za kila siku, wanasoma vifungu vifupi. Ugumu wake mkubwa ni kwamba katika Kiswahili kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa, na mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili huamini kwamba ndivyo maandishi yalivyo kila mahali. Ghafla herufi zinaanza kumdanganya. Msimcheke anaposoma "table" kama vile lingekuwa jina la mji wa Tabora. Anasoma kwa uaminifu.

Sayansi. Hapa ningependa nikae. Mtoto atajifunza viumbe hai na visivyo hai, sehemu za mmea, usafi wa mwili, mazingira na afya. Yote hayo yanaweza kufundishwa kwa ubao na chaki na mtoto akapata 90. Vilevile yanaweza kufundishwa kwa maharage. Chukua makopo mawili yenye udongo, panda maharage matatu kila kopo, mwagilia sawa. Kopo moja liwekwe dirishani, jingine ndani ya kabati lenye giza. Yataota yote mawili. Baada ya siku kadhaa fungua kabati: mche wa gizani umerefuka kuliko wa dirishani, mwembamba, umepauka kama mtu aliyetoka kuumwa. Uliza darasa: upi unaendelea vizuri? Watoto wengi watasema wa gizani, maana ni mrefu, na kwa mtoto urefu ndiyo ushindi. Usiwasahihishe. Waache wapime kwa rula kila asubuhi, waandike tarehe na sentimita kwenye daftari. Ule wa gizani utafika mahali utalegea, utaanguka, utakufa, kwa sababu ulikuwa unakula akiba iliyokuwa ndani ya mbegu huku ukiutafuta mwanga, na akiba imekwisha.

Angalieni kilichotokea hapo. Kupima kwa sentimita ni Hisabati ya muhula huuhuu. Kuandika "leo mche wa kopo la pili umeinama" ni Kiswahili, tena Kiswahili kigumu, cha kueleza ulichokiona bila kuongeza chumvi. Mtoto amebadili mawazo yake kwa ushahidi na hakuna mtu mzima aliyemwambia abadili. Gharama ni maharage sita na makopo mawili ya nyanya. Nikienda shuleni nikaona kwenye daftari la Sayansi mistari iliyopinda, tarehe zimeruka Jumamosi na Jumapili, namba imefutwa ikaandikwa upya, nafurahi kuliko kuona maelezo mazuri yaliyonakiliwa neno kwa neno na watoto wote.

Jiografia na Mazingira inakwenda njia hiyohiyo, na muhula wa kwanza umebarikiwa kwa kalenda. Pwani na kaskazini masika huanza Machi. Dodoma na Singida, ambako msimu wa mvua ni mmoja, mvua inaelekea kwisha Aprili. Vyovyote vile, ndani ya muhula huu kila shule nchini inapata mabadiliko ya hali ya hewa ya kuyaandika. Chati ya hali ya hewa ukutani, kopo la kukinga mvua, rula ndani yake. Kuna pande za dira, kuna kuchora darasa kama unavyoliona ukiwa juu ya paa, ambayo ndiyo ngazi ya kwanza ya ramani. Mtoto aliyechora darasa lake, akabishana na mwenzake mlango uko upande gani, ataisoma ramani ya Tanzania bila kukariri kwamba kaskazini ni juu ya karatasi.

Historia ya Tanzania na Maadili ni somo ambalo lina wafuasi na wasiwasi wake, na mimi ninavyo vyote viwili. Upande wa historia nauunga mkono. Kwa umri huu linaanzia karibu: familia, ukoo, shule, kijiji au mtaa. Muhula wenyewe una tarehe zake, Mapinduzi ya Zanzibar 12 Januari na Muungano 26 Aprili, vyote vya mwaka 1964, na watoto watakuwa nyumbani kwa mapumziko siku hizo. Ni wakati mzuri wa kumwuliza bibi alikuwa wapi, au mama wa bibi huyo alikuwa wapi, alisikia kwa nani, alikuwa anafanya nini. Jibu linaweza kuwa "nilikuwa nachunga mbuzi, sikusikia kitu mpaka baada ya wiki", na hilo ni jibu la historia kabisa. Mtoto alilete darasani, alisimulie.

Wasiwasi wangu uko kwenye upimaji wa maadili. Swali likisema: ukimkuta mzee amebeba mzigo mzito utafanya nini, (a) utamcheka, (b) utampita, (c) utamsaidia, hakuna mtoto wa miaka tisa asiyejua mwalimu anataka (c). Atapata alama, atatoka nje, atampita mzee. Mtaala unamruhusu mwalimu kupima kwa kuangalia matendo, kwa kazi za kikundi, kwa kusimuliana visa na kubishana. Hiyo inachukua muda, na karatasi ya kuchagua herufi inasahihishwa haraka, hasa zikiwa karatasi 90. Simlaumu mwalimu kwa kuchoka. Nalaumu tabia iliyoingia mashuleni ya kuwapa watoto wa darasa la tatu majaribio kila wiki kwa kisingizio kwamba mwakani wana upimaji wa taifa. Tunawazoesha kuchagua herufi wakati ndiyo kwanza wanaanza kuweza kuandika sentensi zao wenyewe.

Sanaa na Michezo ni somo kamili, lina muhtasari, lina vipindi: kuimba, kuchora, kufinyanga, kuigiza, kukimbia. Kwenye shule nyingi vipindi hivyo huanza kumezwa na Hisabati ikifika Machi. Mkikagua ratiba, kagueni hapo. Dini inafundishwa kwa kufuata imani za watoto, na shule nyingi hushirikiana na viongozi wa dini wa maeneo yao.

Nimekiacha Kiswahili mwisho, ambacho wazazi hudhani mtoto anacho tayari kwa kuwa anakizungumza. Wengine hawakizungumzi nyumbani. Wapo watoto wanaofika shule wakiwa na Kisukuma, Kimaasai, Kihaya au Kimakonde, na Kiswahili ni lugha yao ya pili wakati kwa ratiba ni ya kwanza. Lakini hata mtoto wa Tanga au Unguja, muhula huu anakutana na Kiswahili asichokipata uwanjani: kusoma kimya na kujibu maswali ambayo jibu lake halikuandikwa moja kwa moja kwenye kifungu, kuandika imla, kupanga sentensi zikawa kisa chenye mwanzo na mwisho, kutega na kutegua vitendawili. Jibu lisiloandikwa moja kwa moja ndilo kipimo. Kifungu kinasema Neema alifika shuleni nguo zikiwa zimelowa na mwavuli umevunjika. Swali linauliza hali ya hewa ilikuwaje. Neno "mvua" halimo. Mtoto anayetafuta neno atapekua kifungu mara tatu na kukuambia mwalimu, jibu halipo. Anayesoma atakuambia ilinyesha, na pengine upepo ulikuwa mkali, maana mwavuli haukujivunja. Mkitaka kujua mapema kama mwana wenu yuko salama darasa la tatu, msisubiri Juni. Mpeni kifungu kifupi, kiwe cha kitabu cha Sayansi au cha gazeti, asome mwenyewe bila kusaidiwa, kisha mwulizeni swali moja la namna hiyo.

Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu vinapatikana pia kwenye maktaba mtandao ya taasisi hiyo, kwa hiyo mzazi mwenye simu ya kupangusa anaweza kusoma kitabu kilekile anachosoma mtoto, hata kama shuleni watoto watano wanashirikiana kimoja. Kwa wasio na simu hizo, daftari linatosha. Kila Ijumaa litoeni begini. Msianze na alama za vema na kosa. Tafuteni ukurasa mmoja wiki hiyo ambao mtoto ameandika kitu ambacho hakikuwa ubaoni, hata kama ni mistari miwili. Zikipita wiki tatu hamjauona, nendeni kwa mwalimu wa darasa na azimio la kazi mkononi, mkae naye, muulizane ni kipindi kipi kati ya vilivyobaki kinachoweza kumpa nafasi hiyo.